Kifutio cha Baba

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alifuatana na dada yake hadi chuo kikuu. Nyumbani walimpa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Kazi yake ilikuwa kupanga viti kwa duara na kubeba kifutio cha mbao alichokiacha marehemu baba yao, mwalimu wa hesabu.

Dada, aliyekuwa mwaka wa tatu, aliongoza darasa la nyongeza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliolemewa na hesabu. Hakurudia somo la mhadhiri. Aliwazoesha namna ya kusoma: kujaribu, kukosea na kutambua walipokosea. Mtu akimwomba jibu, alimpa chaki.

Jumamosi hiyo mhadhiri angekuja kulikagua darasa. Asiporidhika, lingefungwa.

Dada alipotoka kwenda kumpokea, Chiriku alifungua daftari la dada na kunakili ubaoni majibu yote ya siku hiyo. Wanafunzi walipoingia, walikuta kila kitu tayari.

"Leo mteremko," alisema kijana mrefu waliyemwita Mlingoti, huku akinakili mbiombio.

Mhadhiri aliingia na dada. Akaketi, akaweka karatasi zake mezani, akautazama ubao, kisha akamgeukia Mlingoti. "Swali la tatu. Hiyo kumi na mbili imetoka wapi?"

Mlingoti alikuna kichwa. "Imetoka ubaoni, mwalimu."

Wenzake walicheka. Mhadhiri hakucheka; aliinuka, akaanza kukusanya karatasi zake. Dada alisimama kama aliyemwagiwa maji.

Chiriku angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona. Lakini uso wa dada ulimchoma. "Mimi ndiye niliyeandika," alisema. "Nilitaka darasa la dada lionekane linajua. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alijibu mhadhiri, akaketi tena.

Dada alimkabidhi Chiriku kifutio. Chiriku akafuta ubao wote. Chaki ikaenda kwa Mlingoti, ambaye alikwama mstari wa pili.

"Ulipokwama ndipo pa kuanzia," dada alisema. "Nani anaona kilichomkwamisha?"

Binti mmoja akaonyesha, mwingine akambishia. Walifuta mara tatu. Mwishowe kumi na mbili ikatokea, na Mlingoti amejaa vumbi la chaki hadi viwikoni.

"Sasa imetoka wapi?" mhadhiri aliuliza.

Mlingoti aliupa ubao mgongo, akaeleza hatua kwa hatua, mpaka mwisho.

"Darasa liendelee," mhadhiri alisema.

Njiani Chiriku aliuliza, "Dada, umenikasirikia?"

"Nilikasirika. Kisha ukasema kweli mbele ya watu wazima ishirini. Baba angejivunia." Dada alimshika bega. "Ila ujue, mdogo wangu, nguo ya kuazima haisitiri maungo, na jibu la kunakili ni hivyo hivyo. Lililo lako ni lile ulilolikosea, ukalifuta, ukalitafuta upya."

Chiriku alikikumbatia kifutio hadi nyumbani, na vumbi jeupe lililobaki kifuani hakulipangusa.