Meno ya Chiriku

Baba wa babu yake alikuwa mwalimu. Babu yake alikuwa mwalimu. Baba yake naye alikuwa mwalimu, na watu walimwinukia alipopita. Katika ukoo huo hakuna aliyewahi kutajwa kwa ubaya. Hakuna aliyechelewa kazini. Wala hakuna, hata mmoja, aliyezikwa akiwa kibogoyo. Yeye mwenyewe, Mwalimu Mkuu mstaafu, alifundisha kwa miaka thelathini na minne. Meno yake yote yalikuwa kinywani, na hakuona haya kuyaonyesha.

Sasa alikuwa na mwanafunzi mmoja tu: mjukuu wake wa kike, aliyekaribia kutimiza miaka miwili. Kwa kuwa hakunyamaza tangu alipojifunza kusema, walimwita Chiriku. Baba yake alikuwa dereva wa lori, kila mara yuko safarini. Mama yake alishona sare kiwandani. Alitoka asubuhi, akarudi jioni. Mchana kutwa mtoto alibaki na babu.

Mwalimu alikuwa mtu wa utaratibu. Kila asubuhi, saa mbili kamili, alichemsha maziwa. Alitia vijiko viwili vya sukari, akaonja, akaongeza cha tatu. Kisha alijaza chupa ya kunyonya. Chiriku alizunguka na chupa hiyo nyumba nzima. Adhuhuri alilazwa mkekani nayo mdomoni, akasinzia huku akinyonya. Nyumba ikawa kimya. Mwalimu akasoma gazeti lake.

"Mtoto wangu halii ovyo," aliwaambia majirani. "Malezi ni utaratibu."

Jioni moja mkamwana wake alirudi na mswaki mdogo, laini.

"Baba, wenzangu kazini wanasema mtoto husuguliwa meno tangu linapoota la kwanza. Halafu nimeona alama nyeupe hapa juu, karibu na ufizi."

"Ni maziwa yameganda."

"Nimefuta, baba. Hayatoki."

Mwalimu akacheka. "Makubwa haya! Mwanangu, hayo ni meno ya kuazima. Yamekuja, yatakwenda. Nani hupaka rangi nyumba anayojua ataihama?"

Mama akanyamaza. Angebishanaje na baba mkwe? Aliuweka mswaki juu ya kabati, ukabaki huko ukila vumbi.

Alama nyeupe zikageuka njano. Kisha zikawa kahawia. Chiriku akakataa chakula kigumu. Alipopewa maji baridi, aligeuza uso. Mwisho akaacha kusema, na hapo ndipo Mwalimu alipoanza kuogopa.

Jumanne asubuhi mtoto aliamka mdomo umevimba na mwili unachemka. Mwalimu alimpa chupa. Aliisukuma, akapiga yowe. Mama alikuwa amekwisha kwenda kazini. Mwalimu akamfunika shuka, akambeba hadi kituo cha afya. Hakukumbuka hata kuvaa kofia.

Katika chumba cha meno, mwanamke wa makamo alikuwa akipanga vyombo. Huyo ndiye aliyekuwa tabibu wa meno. Alipomwona mzee, alisimama wima kama yuko mstarini.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Wewe si yule aliyekuwa akisinzia kipindi cha hesabu?"

"Ndiye mimi. Lakini cha sayansi sikusinzia."

Mwalimu akatabasamu. Hakutabasamu tena siku hiyo.

Tabibu aliinua mdomo wa Chiriku kwa kidole. Akatazama kwa muda mrefu. Meno manne ya mbele, ya juu, yalikuwa yameliwa, yamebaki vigutu. Juu yake ufizi ulikuwa na jipu.

"Anakunywa nini, Mwalimu?"

"Maziwa. Maziwa tu."

"Hayana sukari?"

"Vijiko vitatu."

"Analala na chupa?"

"Analala nayo. Lakini haya ni meno ya utoto. Si yataanguka?"

Tabibu akaweka kioo chini. "Uliandika hivyo ubaoni, Mwalimu. 'Meno ya utoto ni ya kuazima.' Nilinakili, nikapata alama zote. Nilipofika chuoni nikajibu vilevile. Nikapata sifuri."

Mwalimu akamvuta mjukuu wake karibu na kifua.

"Kinywani mna vijidudu," tabibu aliendelea, kwa upole. "Vikipata sukari, hutengeneza tindikali. Tindikali hula jino. Mtoto akilala, mate hupungua, hayalioshi tena jino. Sukari hukaa palepale. Mwanzoni hutokea alama nyeupe karibu na ufizi; hilo ndilo onyo la kwanza. Angeletwa wakati ule, tungeyaokoa. Jino la utoto humsaidia kutafuna na kusema. Pia hulishikia nafasi jino la ukubwani, ambalo tayari liko chini yake. Usaha huu unaweza kuliharibu."

"Na haya manne?"

"Yatang'olewa. Mengine yataanza kuota akifika miaka sita au saba."

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna, Mwalimu. Niwie radhi."

Chiriku alichomwa sindano ya ganzi. Mwalimu ndiye aliyemshika mikono. Mtoto hakumtazama tabibu. Alimtazama babu yake, kana kwamba anamuuliza jambo. Jino la kwanza likaanguka katika sahani ya chuma. Likafuata la pili. Mzee alitamani angekuwa kiziwi.

Mama, aliyepigiwa simu kutoka kituoni, alikuja mbio kutoka kiwandani, nyuzi zimemganda kwenye nguo. Akamkuta mwanawe amepakatwa kwenye benchi, pamba mdomoni. Hakugomba. Laiti angegomba!

"Niliona, baba," alisema huku akilia. "Niliona, nikanyamaza."

"Hukunyamaza. Mimi nilikunyamazisha."

Mwalimu alifikiria madarasa yote aliyoyafundisha. Wanafunzi wake wangapi walikuwa wazazi sasa? Alijaribu kuhesabu, akashindwa.

Tangu siku hiyo Chiriku hunywa kwa kikombe. Maziwa yake hayatiwi sukari. Asubuhi na kabla ya kulala husuguliwa meno kwa dawa yenye floraidi inayoimarisha meno, kiasi cha punje moja ya mchele. Baada ya hapo, ni maji tu. Magego yake yalikuwa yameanza kuwa na weupe. Tabibu aliyapaka dawa, na baada ya miezi sita hakuona tundu hata moja. Mtoto anatafuna. Anasema, ingawa maneno mengine hutoka kama upepo. Akiona wageni, hufunika mdomo kwa kiganja. Atakaa hivyo miaka minne au mitano. Mwalimu naye haonyeshi tena meno yake mbele za watu.

Lakini kila siku ya chanjo huenda kituoni, akasimama mbele ya wazazi wachanga, mkongojo mkononi.

"Nyinyi vijana, nisikilizeni! Kabla meno hayajaota, futeni ufizi kwa kitambaa safi chenye maji. Likiota la kwanza, shikeni mswaki. Mtoto asilale na chupa ya kitu kitamu. Kabla hajatimiza mwaka, mleteni aangaliwe meno. Inueni mdomo wake, mtazame kila wiki. Mkiona weupe usiofutika, njooni siku hiyohiyo. Na mzee akiwaambia ni meno ya kuazima, hata awe mwalimu, hata awe baba yenu mzazi, msimstahi. Mkatalieni!"