Kidole Kivivu cha Bibi

Kila alasiri, kabla hata hajavua sare ya shule, Chapuchapu alimkandia bibi yake udongo wa kufinyangia vyungu. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya haraka zake; hata chai aliinywa ikimuunguza.

Siku hiyo hakukuta udongo uliolowekwa. Bibi alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kitambaa kichwani.

"Shikamoo, bibi. Kichwa tena?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Dawa ya presha imekwisha, na zahanati wameninyima. Mashine imesema mimi si mimi!" Alijaribu kucheka, lakini machozi yalimlengalenga. "Watu wote walinitazama kama mwizi."

Chapuchapu alijua kosa lilipo. Mwezi uliopita zahanati ilianza kuandikisha wagonjwa kwa alama za vidole, maana kuna watu waliokuwa wakichukua dawa kwa majina ya wengine na kwenda kuziuza. Mashine ilikikataa kidole gumba cha bibi kila alipokiweka, kwani udongo ulikuwa umekisugua miaka mingi mpaka kikawa laini kama kigae. Siku hiyo Chapuchapu alikuwa amemsindikiza, na foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alipogeuka kumjibu mtu, na bibi akiwa anatafuta miwani yake, Chapuchapu alibandika kidole chake mwenyewe. Mashine ikalia, bibi akaandikishwa, wakaenda zao.

Alitamani kunyamaza. Lakini alipomwona bibi anavyofumba macho kwa maumivu, alisema yote.

Bibi alitikisa kichwa. "Haraka haraka haina baraka. Nimekuimbia tangu unatambaa! Haya, nipe viatu vyangu."

Zahanati, Chapuchapu alijieleza mwenyewe. Muuguzi alikunja uso, kisha akamgeukia bibi.

"Mama, nisamehe. Nilikushuku bure."

Alimfuta bibi mikono kwa kitambaa chenye unyevu, akajaribu kidole kimoja baada ya kingine. Vyote vilikataliwa, hadi kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mashine ikakubali.

"Ala! Hicho ndicho kivivu," bibi alisema. "Wenzake wakifinyanga, chenyewe kimekaa juu kama bwana harusi!"

Hata muuguzi alicheka. Alimkabidhi bibi dawa, kisha akamshika Chapuchapu bega.

"Mwanangu, alama ya kidole inamlinda mgonjwa, mwingine asichukue haki yake. Ulipoweka yako, ulimfungia bibi yako mlango. Kukwama si aibu. Sema umekwama, tutatafuta njia pamoja. Udanganyifu, hata ukifanywa kwa mapenzi, humuumiza yule yule unayempenda."

"Nimeelewa, dada. Sitarudia."

Bibi alimeza kidonge palepale kwenye benchi, akamshika mjukuu wake mkono. Walipita mbele ya watu walewale waliokuwa wamemtazama vibaya, na safari hii bibi alitembea kichwa juu.