Kikombe cha Pili Alikinywa Mama Yake

Nina umri wa miaka thelathini na moja, sina mume, na kwa sasa naishi kwa dada yangu mtaa wa Waberi, hapa Garissa. Nauza mashela na madira, mitandio na magauni ya wanawake, sokoni. Wateja walionizoea huniuliza kwa nini nilimwacha mume mwenye jina na nyumba ya mawe. Huwa nacheka tu, nikawaonyesha kitambaa kingine. Leo sitacheka. Leo nitasema yote, na mwenye tumbo jepesi asinisome akiwa mezani...

Niliolewa katika mji mdogo upande wa Buna, kule ambako maji hayatarajiwi kutoka juu. Maji yetu yako chini. Mji una visima vitatu, vyote kando ya laga, yaani ule mto mkavu unaopitisha maji siku za mvua peke yake. Pampu huyavuta, tangi huyapokea, na mji mzima hupanga mitungi kwenye kioski. Kisima cha kwanza kilichimbwa na babu ya mume wangu kwa mikono yake, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Ndiyo maana mume wangu, Abdinoor, alipofanywa mwenyekiti wa kamati ya maji hakuna aliyepinga. Nani mwingine angeyalinda, kama si mjukuu wa aliyeyapata?

Abdinoor alikuwa nadhifu kupita kiasi. Kanzu nyeupe, manukato kwenye ndevu, shali begani. Vijana walimtania kwa kumwita Bwana Harusi, maana kila siku alionekana kama anayekwenda kuoa.

Lakini aliyenifanya niipende nyumba ile si yeye. Ni mama yake, Habiba. Nilimwita Hooyo, mama, kama alivyomwita mwanawe. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa shuleni, na huyu alinipokea kama aliyekuwa akiningoja. Alinifundisha kufukiza vibuyu vya maziwa mpaka maziwa yakanukia moshi mtamu. Miaka ilipopita bila mimi kushika mimba, na wanawake wakaanza kunong'ona juu yangu, alisimama katikati ya harusi ya watu akasema, "Huyu ni binti yangu! Anayetaka mjukuu na azae wake!" Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nililia.

Je, kuna binti aliyewahi kupendwa zaidi ya hivyo?

Mji ukakua. Zikajengwa lojing za wageni, ofisi, mabweni ya shule. Vyoo vikajaa. Abdinoor akanunua gari la kunyonya vyoo, la pekee katika mji wetu, akawa analiendesha mwenyewe jioni jioni. Sikuona aibu. Niliona ni kazi ya halali, tena ya kusaidia watu. Kulikuwa na shimo lililotengwa nje kabisa ya mji, mbali, la kumwaga uchafu huo.

Haikupita muda, mume wangu akaanza kunywa maji ya chupa. Alisema ana vidonda vya tumbo, daktari amemkataza maji yenye chumvi. Katoni alizifungia kabatini na ufunguo akatembea nao. Nilimhurumia! Nikampikia uji laini, nikamwombea...

Kisha matumbo ya watu yakaanza kukatika. Kwanza watoto wa bwenini. Halafu wazee. Kila nyumba ilikuwa na mtu anayekimbia nyuma ya ua akiwa ameshika tumbo. Walisema ni joto. Walisema ni nyama ya ngamia aliyekuwa mgonjwa.

Ndipo akaja afisa wa afya, dada mmoja kutoka upande wa Mwingi, aliyeitwa Mwende. Alichota maji ya visima vyote vitatu akaenda nayo maabara. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Wazee walikusanyika chini ya turubai la kioski, sisi wanawake tukasimama nyuma na mitungi yetu mitupu.

"Wazee wangu," alisema, "maji haya yana kinyesi cha binadamu. Visima vifungwe leo. Vitolewe maji yote, visuguliwe, vitiwe klorini, na tutafute uchafu unaingilia wapi."

Sisi ni Waislamu, wasomaji wangu. Neno lile lilikuwa kofi. Mzee mmoja akaomba kikombe, akakiinua kwenye mwanga, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Kikombe kikazunguka. Tumelelewa hivyo: maji yakiwa hayajabadilika rangi, wala ladha, wala harufu, yanafaa kwa udhu. Na kwetu maji yanayofaa kumwelekea Mungu, nani angedhani hayafai kwa tumbo?

"Rangi iko sawa," alisema mzee. "Ladha ni ileile ya baba zetu. Harufu hakuna."

"Mzee, mimi sina neno na udhu," Mwende alijibu kwa adabu. "Mimi nazungumzia ugonjwa. Huu uchafu hauonekani kwa macho."

Abdinoor akacheka kwa sauti. "Dada, basi wewe una macho gani? Sisi tumekunywa hapa tangu kabla ofisi yenu haijajengwa. Au umezoea maji ya chupa?"

Watu waliangua kicheko. Yeye ndiye aliyesema hivyo... yeye mwenye katoni kabatini! Nami nilidhani anatania tu ili kupoza watu.

Mimi nilimwamini Mwende. Tangu siku ile nikawa nachemsha kila tone la maji ya Hooyo. Alilalamika kwamba maji yaliyochemshwa yamekufa, lakini aliyanywa kwa ajili yangu.

Sasa sikilizeni desturi ya kisima chetu. Watu wakikitilia shaka, mwenye kisima husimama ukingoni mwa kisima, huchota mbele ya wote, hunywa kikombe cha kwanza. Cha pili hunywa mama yake. Baada ya hapo hakuna anayeuliza tena, maana nani atamnywesha sumu aliyemzaa? Abdinoor akatangaza kwamba atakunywa Ijumaa baada ya swala. Nilimsihi Hooyo abaki nyumbani. Nilimwambia kikombe chake anaweza kukinywa dada wa marehemu mumewe.

"Naa, binti yangu," alisema huku akijipaka hina kwenye kucha, "nisiponywa mimi, watasema nini juu ya mwanangu?"

Ijumaa mji wote ulikuwa pale. Ndoo ikapanda. Abdinoor akajaza kikombe, akasema Bismillahi kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akakielekeza kinywani mpaka kikakauka. Kisha akajipangusa ndevu kwa shali, taratibu, kwa muda mrefu. Hakusema Alhamdulillahi. Aliinua mkono tu, watu wakapiga kelele za furaha. Hooyo akapokea kikombe cha pili. Akanywa chote, akageuza kikombe juu chini kuonyesha kwamba hakikubaki kitu, akacheka, jino lake la dhahabu likionekana.

Nilikimbia nyumbani kuleta vikombe zaidi. Nikamkuta Abdinoor amenitangulia, yuko bafuni, mlango wazi. Alikuwa akisukutua kinywa kwa maji ya chupa na kutema, akisukutua na kutema, akikwangua ulimi kwa mswaki mpaka mate yakawa na damu. Shali lilikuwa sakafuni, limelowa chapachapa.

"Jino linaniuma," alisema.

Na mimi nikamletea karafuu. Karafuu!

Jumapili Hooyo alianza kuharisha. Kufikia adhuhuri kilichomtoka kilikuwa kama maji ya mchele. Macho yalizama, ngozi ya mikono ikawa ukiivuta inabaki imesimama. Tulimkimbiza hospitali ya Wajir. Wakasema ni kipindupindu. Wakamtundikia dripu, lakini mishipa ilikuwa imejificha, wakawa wanamdunga huku na huku kama wanaotafuta kitu kilichopotea.

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Nileteeni maji ya kisima chetu. Haya ya hospitali hayana ladha." Ya Rabi! Aliomba kile kile kilichokuwa kikimuua, akakiomba kwa mapenzi...

Daktari alitoka wodini akamuuliza Abdinoor kama naye alikunywa, ili apimwe. Abdinoor akatikisa kichwa. Daktari alipoondoka nilimshika mkono wa kanzu. "Ulikunywa mbele ya mji mzima. Kwa nini unakataa kupimwa?"

Alitazama huku na huku. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Mimi sikumeza."

Sikumwelewa. Akaeleza, tena kwa hasira, kama mtu anayesumbuliwa na mjinga. Aliyaweka maji kinywani, akayatema ndani ya shali. Hata Alhamdulillahi hakuweza kusema, kinywa kilikuwa kimejaa.

"Na mama yako?" nilimuuliza.

"Nilidhani atagusisha midomo tu. Nani alimwambia anywe kikombe chote?"

Ndugu zangu wasomaji, nilitapika pale pale. Nilitapika juu ya viatu vyake vilivyong'aa, na yeye, mama yake akiwa anakata roho nyuma ya pazia, aliinama kuvifuta!

Hooyo alifariki kabla ya magharibi.

Tulimzika. Wakati wa taazia, wanaume wakiwa wamekaa kwenye mikeka, nilimsikia Abdinoor akiwaambia watu kwamba ni uzee, na kwamba siku ya mtu imeandikwa. Wazee na sheikh wa msikiti wakaitikia. Mwende alikuwa amekaa pembeni, hakuna aliyempa hata chai. Visima bado vilikuwa wazi. Kutoka jikoni nilisikia mitungi ikigongana kwenye kioski.

Nilitoka. Nikapita katikati ya mikeka ya wanaume, kitu ambacho mwanamke wa kwetu hafanyi. Abdinoor akanikemea, "Rudi ndani, naa, we mwanamke!"

Nikasema, "Mwambie sheikh. Ulimeza au hukumeza?"

Kisha nikawaeleza yote: shali, bafu, katoni za kabatini. Alisema huzuni imenirusha akili. Basi kaka yake mkubwa akanyoosha mkono na kusema, "Hebu tupe huo ufunguo wa kabati, waryaa." Hakutoa. Hakuna aliyehitaji zaidi ya hapo.

Mtu akataja gari lake la vyoo, na siku ile ile tulifuata laga kwenda juu, Mwende mbele. Sikuhitaji kuambiwa tumefika. Nzi walituambia. Alama za matairi zilishuka kutoka barabarani mpaka kwenye mchanga, na walipochimba, mchanga ulikuwa mweusi, laini, ukinuka kama tumbo la mnyama aliyeoza. Taulo za wanawake, nepi, mifuko, vyote vya lojing. Ili asiende mpaka kwenye shimo lililotengwa, alikuwa akishusha mzigo wake hapo, juu ya visima, na mchanga ukanyonya, na maji ya chini yakapokea. Mji wetu wote ulikuwa ukinywa vyoo vyake wenyewe!

Wazee wale walioonja kwa ncha ya ulimi walijitenga kando, wakatema mate, wakatema tena. Mmoja alilia kwa kukumbuka swala zake.

Msidhani kisima husafishwa kama sufuria. Mchanga mweusi ulichimbwa na kubebwa mbali. Pampu zilitoa maji yakamwagwa mbali na laga, siku baada ya siku, na yaliyojaa upya yakatolewa tena. Vijana walishuka na brashi wakasugua kuta, wakapanda nyuso zimewapauka kwa kichefuchefu. Klorini ikatiwa. Mwende akapima, bado. Akapima tena, bado. Miezi mizima tuliishi kwa maji yaliyoletwa na magari. Visima viwili vilipona. Kisima cha babu, kilichokuwa karibu zaidi na uchafu, hakikupona. Kilijazwa kifusi na kuzibwa kwa saruji, na jina la yule mzee likaondoka midomoni mwa watu.

Abdinoor alinifuata mpaka Garissa, nilikohamia kwa dada yangu, kuniomba nirudi. Kanzu nyeupe, manukato yaleyale. Alisema ametubu, gari ameuza, watu wameshasahau. Nilitazama mikono yake, misafi, kucha zimekatwa vizuri. Nilimwomba talaka yangu kabla sijatapika mbele ya majirani. Alinipa.

Nawasihi ninyi mnaonisoma. Mkiona gari la vyoo linapita, mjue linakwenda kumwaga wapi, hata kama mwenye gari analala kitandani mwenu. Mumeo akifungia maji yake kabatini, usimpikie uji kama mimi. Muulize, na asipojibu, waulize watu. Na mkubwa akisimama mbele yenu anywe ili kuwathibitishia, msishangilie. Ngojeni aseme neno. Hata akilisema, msimpe mama yenu kikombe mpaka aliyepima maji arudi na majibu.