Barua Chini ya Debe la Bisi

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya sala, ua wetu ulijaa watu. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mitumbwi, kila mmoja na barua yake mkononi, wakaketi kwenye mikeka kumngoja bibi yangu, Jobeda Khatun. Alikuwa mbunge wetu. Watu wote wa kijiji chetu cha Kolmikhali, hata wazee wenye ndevu nyeupe, walimwita Dada.

Kazi yangu mimi ilikuwa mlangoni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na nilijiona mkubwa kuliko mlango wenyewe. Nilimpokea mgeni, nikamwamkia, nikampa maji na bakuli la bisi za mchele, kisha nikaichukua barua yake na kuitia kikapuni. Karani Ansar, ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, aliandika kila barua katika daftari. Ijumaa iliyofuata mwenye barua alipata jibu lake, liwe zuri au baya.

"Barua hailali nje ya kikapu, Tuhina," Bibi alizoea kuniambia. "Aliyeileta ameacha shamba lake siku nzima."

Kabla ya siasa Bibi alikuwa mkunga. Alivuka mito na matope na mkoba wake kichwani, na nusu ya wapiga kura wake aliwapokea yeye mwenyewe walipokuja duniani. Mara ya kwanza aliingia bungeni kwa viti maalumu, ambavyo mwananchi havipigii kura. Mwaka mzima alibonyeza kitufe cha kuomba kusema na Spika hakumwona. Wabunge wengine walimwita pambo la ukumbi. Kipindi kilipokwisha alikikataa kiti cha kupewa, akagombea jimbo dhidi ya tajiri mmoja wa mabwawa ya kufugia kamba wa baharini, akamshinda. Uchaguzi uliofuata akashinda tena. Sasa uchaguzi mwingine ulikuwa umebakiza miezi mitatu, na hapakuwa na mtu aliyetilia shaka ushindi wake.

Mimi niliyabeba mambo hayo shuleni kama mzigo wa kujionyesha. Alhamisi moja, mwalimu alipokuwa hajaingia, nilitaka kukaa dawati la mbele, karibu na dirisha. Dawati hilo lilikuwa la Laboni, binti wa Kader Gazi, aliyekuwa wa kwanza katika mtihani.

"Sogea," nikamwambia. "Hujui mimi mjukuu wa nani?"

"Najua," akajibu bila kuinua macho. "Bibi yako si alianza kwa kupewa kiti, kama mgeni wa harusi? Ndiyo maana na wewe unataka kupewa dawati. Soma, upate lako!"

Darasa zima liliangua kicheko. Nilirudi nyuma na masikio yangu yakiwaka moto. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli.

Kesho yake, Ijumaa, Kader Gazi mwenyewe alifika mlangoni kwetu. Matope yalimfika magotini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na alikataa hata kuketi.

"Mama, shika hii," aliniambia, maana kwetu wakubwa humwita hivyo hata mtoto wa kike. "Mpe Dada mkononi. Mimi narudi kwenye tuta la mto sasa hivi. Mwambie, Kader anasema asingoje Ijumaa nyingine."

"Angalau kula bisi, baba."

"Nitakula siku nyingine, mama. Mungu akubariki."

Akaenda zake. Nilibaki na barua, imekunjwa mara nne, jina lake juu. Katika jina lile nilimwona Laboni na kicheko cha darasa zima. Karani Ansar alikuwa amegeuka upande wa pili, akibishana na mzee mmoja juu ya ng'ombe. Niliinua debe la bisi, nikaisukuma barua chini yake. Nilijiambia, wacha wakae kidogo nao waone, Ijumaa ijayo nitaitia kikapuni. Sikuifungua, na sikuuliza ya nini.

Jumatano mwezi ulipevuka. Maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kiasi mwezi mpevu, yalikuja adhuhuri, upepo ukiyasukuma kutoka baharini, na tuta linaloukinga mto usiingie mashambani likapasuka upande wa kusini. Kader na majirani zake walikuwa pale tangu asubuhi wakibeba magunia ya udongo. Wenzake walisema yeye ndiye aliyeshuka kwenye ufa wenyewe, akalaza gunia, akalikanyaga, akaita jingine. Kisha ardhi iliyokuwa chini yake ikaondoka. Walimpata siku ya pili, kwenye mizizi ya mikoko.

Habari ziliponifikia nilikwenda kwenye lile debe. Nililiinua kwa pupa hadi bisi zikamwagika. Barua ilisema hivi:

"Dada, mwenye bwawa la kamba amepitisha bomba katikati ya tuta, karibu na mtende uliopinda, avute maji ya chumvi. Kando ya bomba udongo unatoka kidogo kidogo. Nimemwambia, amenicheka. Mwezi ukipevuka, tuta halitastahimili. Tuma mtu alitoe. Ni mimi Kader, uliyenipokea nilipozaliwa mwaka wa mafuriko."

Chini, badala ya sahihi, kulikuwa na alama ya dole gumba. Niliikunja mara nne, nikairudisha chini ya debe. Ndiyo, niliirudisha. Nilikuwa na hofu, na hofu ikishakaa moyoni haijui kufikiri.

Bibi alikwenda msibani, akanichukua tuambatane. Tulikuta umati mbele ya nyumba ya Kader, na mashamba nyuma yake yamekuwa ziwa. Sahera, mjane wa marehemu, aliketi kando ya ukuta na sari nyeupe ya ujane. Bibi alipotaka kumshika mkono, sauti ikatoka katikati ya watu.

"Tulikuandikia, Dada! Kader alikuandikia!"

"Barua hiyo sikuiona," Bibi akasema. "Ansar, fungua daftari."

Karani Ansar alifungua, akapitisha kidole juu mpaka chini. "Haipo. Jina la Kader Gazi halipo."

"Mheshimiwa amesahau wapiga kura wake!" mwingine akadakia. "Kumbukumbu itarudi wakati wa kampeni."

Hapo Laboni akasimama. "Baba alimpa huyu!" akasema, akininyooshea kidole. "Aliporudi alituambia. Alimpa mkononi!"

Bibi alinigeukia. Hakuwa na shaka hata chembe, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. "Tuhina, uliipokea barua ya Kader?"

"Hapana, Bibi."

Basi Bibi akamwinamia Laboni, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, una uchungu, na uchungu humchanganya mtu. Lakini mjukuu wangu hasemi uongo. Ungeacha kumsingizia."

Laboni hakulia. Alinitazama tu, muda mrefu, kisha akaketi tena karibu na mama yake. Mtu mmoja alitema mate chini, na njia ikafunguliwa tupite.

Ndani ya mtumbwi Bibi aliitazama mikono yake. "Hii ndiyo iliyompokea Kader," alisema. "Alitoka hana pumzi, mwili umebadilika rangi. Wanawake wakaniambia nimwache. Nikampuliza kinywani mpaka akalia." Kisha akalia yeye. Sikuwahi kumwona Bibi akilia, hata alipofiwa na babu yangu.

Tulipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilikwenda nikaitoa ile barua, nikampa kwa mikono miwili. Aliisoma mara moja, akaisoma tena. Ningefurahi kama angenipiga.

"Kwa nini?" akauliza.

Nilimwambia habari ya dawati, ya kiti cha harusi, na ya kicheko.

"Kwa dawati," alisema polepole. Kisha, "Na mimi nimemwita yatima mwongo, hata msiba wa baba yake haujapoa."

Karani Ansar, aliyekuwa akitusikia, aliufunga mlango. "Dada, nisikilize," akasema kwa sauti ya chini. "Ichome. Mtoto ni mtoto. Kader harudi. Una miezi mitatu tu, na ukilisema jambo hili umekwisha. Karibu miaka kumi na mitano ya kazi, yote!"

"Na nisiposema, Ansar, nitakuwa nimebaki na nini?"

Karani alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Asubuhi tulirudi kwa Sahera. Bibi aliisoma barua mbele ya watu wote, neno kwa neno, hadi dole gumba. Kisha akanisukuma mbele. Nilisema, "Nilipewa mkononi. Nikaificha kwa sababu Laboni alinicheka. Jana nikasema uongo." Maneno hayo ni machache, lakini sijawahi kuvuka mto mpana kuliko ule. Bibi alipiga magoti mbele ya Laboni, mbunge mzima, akasema, "Ulisema kweli, nami nikakukanusha. Nisamehe, mwanangu."

Laboni aligeuza uso. Sahera ndiye aliyesema, na ndiyo mara ya kwanza niliisikia sauti yake siku hizo. "Nenda nyumbani, Dada. Leo sina la kukujibu."

Wiki iliyofuata watu walijazana kwenye kibanda cha chai kutazama bunge katika televisheni. Niliketi chini, nyuma ya mabenchi. Bibi alibonyeza kitufe, na safari hii Spika alimwona mara moja. Alipewa dakika mbili.

"Mtu wangu aliniandikia kwamba tuta litabomoka," alisema. "Barua ilifika nyumbani kwangu, ikafia nyumbani kwangu. Nyumba yangu ni jukumu langu mimi. Naliomba Bunge hili liamuru kila bomba lililotoboa tuta la jimbo langu ling'olewe kabla ya masika. Hilo ndilo ombi langu la mwisho. Sitagombea tena."

Hakunitaja. Pale kibandani hata muuza chai aliacha kukoroga. Mzee mmoja alijifuta macho kwa ncha ya shuka lake, akatoka.

Mabomba yaling'olewa, yote arobaini na moja. Mwenye bwawa la kamba alifikishwa mahakamani, na tuta likajengwa upya, pana zaidi. Mvua zilipokuja, maji yalibaki upande wake. Bibi alirudi kutoka mji mkuu na sanduku moja. Jimbo lilipata mbunge mwingine, mtu ambaye uani kwake hakutandikwi mikeka.

Lakini Bibi hakuacha kuitandika yake. Kila Ijumaa aliniambia, "Tandika, Tuhina. Weka maji, weka bisi." Nami nilitandika, tukakaa wawili, na hakuja mtu. Ijumaa ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Kuku walitembea juu ya mikeka. Nilitamani aniruhusu niikunje, maana kila mkeka mtupu ulikuwa ukinisema.

Ijumaa ya sita Laboni aliingia. Alikuwa amekonda. Alikuwa na barua mkononi, kaiandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, kumwombea mama yake posho ya wajane. Nilisimama, nikamwamkia. Nikanyoosha mkono wangu.

Aliupita. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Bibi, akamkabidhi yeye.

"Mimi si mbunge tena, mwanangu," Bibi akasema.

"Najua. Lakini unajua mlango wa kuipeleka." Akainama kidogo kwa heshima, akaondoka. Bisi hakuzigusa.

Nilibaki nimesimama vile vile, mkono mbele, machozi yakinitoka. "Hatanisamehe, Bibi," nilisema. "Hatanisamehe kamwe."

Bibi hakunidanganya. "Huenda asikusamehe. Msamaha ni mali yake, si deni lako la kudai." Akanivuta nikakaa karibu naye. "Sikiliza, Tuhina. Wewe hukuweka karatasi chini ya debe. Ulimweka mtu. Anayekupa barua yake amekupa shida yake uishike, na shida ya mtu haiulizi kama mmegombana shuleni. Kosa hilo ulilifanya kwa hasira, ukaliongeza kwa uongo, na uongo wako ukanifanya nami nimdhulumu mtoto. Ukweli ulikuja, lakini ulichelewa. Ukweli ukichelewa huponya, ila haufufui."

"Basi nifanye nini?"

"Kaa mlangoni. Ijumaa hii, na ijayo, na zote utakazojaliwa. Nyoosha mkono. Atakayekupa, pokea, na isilale. Atakayekupita, mwamkie vizuri."

Akanipa barua ya Laboni. Niliichukua kwa mikono miwili, nikaitia kikapuni, nikafungua daftari la Karani Ansar nikaandika jina, tarehe na ombi. Mchana ule ule nilivaa viatu, nikaipeleka kwa miguu ofisi ya serikali, saa mbili za matope kwenda. Ilikuwa imefungwa kwa sababu ya Ijumaa. Nilikwenda nayo kifuani kwa ndugu mmoja wa Bibi aliyeishi mtaa ule, nikalala kwake, na Jumamosi asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni.

Sahera alipata posho yake mwezi uliofuata. Laboni bado hunipita, naye bado ni wa kwanza darasani. Nami kila Ijumaa humnyooshea mkono.