Mchezo wa Kukisia Ratili

Kila siku ya kuuza majani ya chai, Mong'ina alitoka shuleni mbio, akajitwika kikapu cha mama yake Jemimah na kukipeleka kituoni kupimwa. Ilikuwa mwaka wa 1969, na lori la kiwanda lilifika Gesima lilipotaka lenyewe.

Katika kungoja huko, watoto walicheza. Wawili waliinua kikapu cha mwenzao, kila mmoja akakisia ratili zake. Mzani ukishapima, aliyekosea zaidi aliimba huku akitembea kama kuku aliyenyeshewa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mong'ina aliimba mara chache sana.

"Kuimba ni kwa watoto," alisema siku moja Abigael, msichana mkubwa wa jirani. "Tuweke majani, viganja vinne kwa mshindi. Au wewe ni hodari wa mdomo tu?"

Siku hiyo Mong'ina alishinda. Karani wa kituo, Ongeri, akaandika kwenye kadi ratili thelathini na mbili, na mama akafurahi: "Mikono yangu ina baraka leo!"

Furaha hiyo ilimponza. Tangu hapo walikisia mara nyingi kila jioni, naye akashindwa, akashindwa tena. Kila asubuhi aliapa kuacha. Kila jioni vidole vilimwasha. "Leo nirudishe tu yaliyokwenda, basi," alijiambia.

Kadi ikaonyesha ishirini na nne, kisha kumi na tisa. Mama aliitazama, akaitazama na mikono yake.

"Kumbe nimezeeka hivi," alisema. Akamgeukia Orpah, binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la saba. "Mwanangu, siku za majani usiende shule. Nisaidie kuchuma."

Orpah alikunja sare yake. Mong'ina hakusema majani yalikokwenda. Aliona dawa ni moja: acheze zaidi, ashinde, kikapu kijae, dada arudi shule. Akaweka viganja vinane. Vikaenda.

Ijumaa moja Orpah alirudi kutoka shuleni akitembea polepole, akawakuta mama na Mong'ina wakipalilia katikati ya michai.

"Mama, majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la saba yalipelekwa Kisii juzi. Mwalimu aliliita langu mara mbili, nami nilikuwa huku, basi halikuandikwa."

Mong'ina akaangua kilio. Maneno yakamtoka yote: Abigael, viganja, ratili. Mama alikaa chini kwenye majani yaliyolowa.

Orpah aliuliza jambo moja tu. "Nilipokuwa nachuma, wewe ulijua?"

"Nilijua, dada."

Orpah akalichukua jembe la mama, akaanza kupalilia, machozi yakimdondoka.

Jumatatu mama alikwenda kwa mwalimu mkuu. Orodha haikuweza kurudishwa, lakini mwalimu alikubali Orpah arudie darasa la saba Januari. Kisha mama alimwita Mong'ina.

"Mlipokuwa mkiimba, aliyeshindwa alirudi nyumbani na kikapu kizima. Huo ulikuwa mchezo. Mlipoweka majani, mshindi alikula jasho la mama wa mwenzake. Nawe ukadhani hiyo ni kazi, itatujazia kikapu! Kamari si kazi, mwanangu. Ukishinda inakuambia endelea. Ukishindwa inakuambia endelea. Haikuambii hata siku moja, nenda nyumbani. Ulipoona huwezi kuacha, ungeniambia."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe. Lakini mwaka uliopotea si wangu. Nenda kwa dada yako, umwombe. Akikaa kimya, usimharakishe."