Aliyekaa na Milembe

Naitwa Onesmo, mpima ardhi wa halmashauri hapa Bariadi. Kabla sijaanza niseme kabisa: sitaki pole ya mtu. Nilichokifanya nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu, na jua lilikuwa bado halijazama.

Tulikuwa wanne. Anatoli, fundi cherehani wa pale sokoni, ndiye aliyetuingiza kwenye mambo ya kukimbia, tukamwita kapteni. Georgina ni nesi. Milembe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa hapa hapa, binti wa mama Apolonia. Na mimi ni mtu wa kuja, nimeletwa na kazi. Mwezi uliofuata tulikuwa tunakwenda Mwanza kukimbia nusu marathoni, kilomita ishirini na moja. Kila Alhamisi tukitoka kazini tulishika ile njia ya vumbi ya upande wa Itilima, kilomita nane kwenda na nane kurudi.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Kila tukimaliza kilomita, Anatoli aliye mbele anapaza sauti, "Moja!" Georgina anaitika, "Mbili!" Milembe, "Tatu!" Halafu mimi nyuma kabisa, "Nne, wote tupo!" Hakuna anayegeuka kuangalia. Mimi nilikuwa mkia, na mkia hampiti mtu hata mtu akitembea kwa magoti. Mkia ndiye anayebeba kibegi cha mgongoni chenye maji, bandeji na dawa ya Milembe ya kuvuta, maana Milembe alikuwa na pumu. Kazi hiyo niliiomba mwenyewe.

Alhamisi hiyo tulichelewa kuanza. Ilikuwa msimu wa kung'oa na kuchoma miti ya pamba, na moshi ulikuwa umelala juu ya mashamba pande zote mbili za njia. Tulipofika mwisho na kugeuza, Anatoli akanitazama nilivyokuwa nahema, akaanza mambo yake.

"Onesmo, Mwanza utafika wenzako wameshakula wali, wameoga, wamelala."

Wote wakacheka. Milembe naye alicheka, huku anakohoa. Nami nilicheka, lakini yale maneno yaliniingia. Nilikuwa na saa mkononi na hesabu zangu kichwani. Nilijua nina miguu ya kumfikia Anatoli, ila nimefungwa nyuma ya mtu anayekohoa.

Njiani kuna mto wa mchanga. Kiangazi hauna hata tone, unavuka mchanga mtupu hatua kama sitini, halafu unapanda kingo ya pili. Tulipoufikia wakati wa kurudi jua lilikuwa linagusa vichaka. Anatoli na Georgina walikuwa wameshavuka na kupotea mbele. Katikati ya mchanga Milembe akapunguza mwendo. Akashika magoti.

"Onesmo... ngoja kidogo."

Nilimsikia. Nataka hili lieleweke. Nilimsikia vizuri kabisa.

Nikajiambia atapata pumzi, atakuja, kama siku zote. Nikampita. Nilimpita na dawa yake ikiwa mgongoni kwangu.

Nilipopanda ile kingo, miguu ilikuwa myepesi ajabu. Sauti ya Anatoli ikaja kutoka mbele kabisa.

"Moja!"

"Mbili!" Georgina akaitika.

Kimya.

Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Nikaitazama saa. Nikaendelea kukimbia, nasikiliza... vumbi chini ya viatu... pumzi zangu... Ghafla pua yangu ikakutana na harufu ya mchanga uliolowa, kama mvua imetoka kunyesha sasa hivi. Mvua tulikuwa hatujaiona tangu Mei.

"Tatu."

Ilitoka nyuma yangu, karibu mno.

Ilikuwa sauti ya kiume.

Sikugeuka. Na unajua nilifanya nini? Nilivuta pumzi, nikapaza sauti kwa nguvu zote, "Nne, wote tupo!" Anatoli akapiga mluzi wa furaha huko mbele, tukasonga.

Ile sauti nilikuwa naijua, ila nilishindwa kuiweka. Ilinijia karibu na mjini. Umewahi kujirekodi kwenye simu, halafu ukajisikiliza ukashangaa, ndivyo ninavyosikika hivi? Basi ilikuwa hiyo. Ilikuwa sauti yangu.

Mjini niliwakuta wenzangu wameshaondoka, Georgina kuwahi zamu, Anatoli kwa wateja wake. Desturi yetu mkia akifika anaandika kwenye grupu. Nikaandika: "Wote tumefika salama." Nikasimama pale nimwone Milembe akitokea. Dakika kumi. Ishirini. Nikampigia, simu ikaita mpaka ikakata. Giza likaingia. Hapo nikasimamisha bodaboda, nirudi mtoni.

Bodaboda alifika juu ya kingo, akazima pikipiki, akagoma kushuka. Nikashuka peke yangu na tochi ya simu.

Milembe alikuwa amekaa katikati ya mchanga, miguu ameinyoosha, ametulia. Hakohoi. Hahemi. Aliponiona akatabasamu.

"Umerudi haraka," akasema kwa sauti ya chini.

"Milembe... uko salama?"

"Sasa hivi tu umesema unaenda kutafuta pikipiki. Umeipata wapi huku?"

Nikafungua kibegi, nikampa dawa yake. Akaitazama, akanitazama.

"Si umeshanipa?"

Nikamshika mikono nimwinue. Wa kushoto ulikuwa wa baridi. Wa kulia ulikuwa na joto na jasho, kama mkono ulioshikwa kwa muda mrefu. Nikamulika pembeni yake. Mchanga ulikuwa umebonyea, mtu mwingine alikuwa amekaa pale. Mbele ya hapo kulikuwa na nyayo mbili za viatu zenye nyota katikati, kama soli za raba zangu. Hazikutoka popote. Wala hazikwenda popote.

Ningeweza kusema pale pale. Milembe, nilikuacha, na aliyekuwa hapa simjui. Ni maneno machache tu. Nikasema, "Twende."

Tulipopanda kingo, bodaboda alikuwa anaangalia nyuma yetu, kule chini gizani.

"Bosi, na yule mwingine hapandi?"

"Mwingine yupi?"

Akawasha pikipiki, tukaondoka.

Kufika kesho yake, Bariadi nzima nilikuwa shujaa. Milembe aliwasimulia wote: nilivyokaa naye zaidi ya saa nzima, nilivyomshika mkono, nilivyomfundisha kuvuta pumzi taratibu mpaka kifua kikafunguka. Georgina alinikumbatia mbele za watu. Anatoli alikunja uso kidogo.

"Sasa mbona uliandika tumefika?"

"Sikutaka kuwapa presha," nikamjibu.

Ulinitoka kirahisi, uongo ule. Anatoli akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba radhi kwa utani wake. Nikamwambia yaishe.

Jumapili mama Apolonia akaja kwangu na jogoo mkubwa mweupe. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akafurahi nilivyojitahidi, akaketi.

"Wabeja sana, baba," akanishukuru. "Milembe ndiye mtoto niliyebaki naye."

Halafu akainamisha kichwa, akashusha sauti kana kwamba kuta zinasikia.

"Milembe ananiambia mkikimbia mnahesabiana. Mlihesabiana na pale mtoni? Kwa sauti?"

"Ndiyo, mama."

"Jua likizama?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. "Sisi tukivuka pale jioni, hata ng'ombe hatuwahesabu kwa mdomo. Baba yake Milembe alikuwa anawahesabu kwa macho. Kuna wanaosikiliza pale, na wakisikia hesabu ina nafasi, wanaingia." Akanipigapiga begani. "Lakini wewe ulikuwepo, baba. Nafasi haikuwepo."

Jamani, aibu ile. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, jogoo akachinjwa, na paja nikala mimi.

Wiki mbili zilizofuata Milembe alikimbia kama hajawahi kuugua. Dawa alisahau hata kuiulizia. Alimpita Georgina, akampita Anatoli, akawa anatangulia peke yake mbele, na mara nyingine upepo ukituletea sauti yake tulimsikia anaongea na kucheka. Anatoli alisema anaimba ili kupata mwendo. Mimi nilijikausha. Kila tulipofika mtoni nilijifanya nina kikohozi ili nisihesabu.

Ijumaa, siku nane kabla ya Mwanza, alikuja ofisini kwangu mchana. Akafunga mlango.

"Kesho jioni nakwenda mtoni," akasema. "Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

Akacheka kidogo. "Si wewe? Tulikubaliana nikipona nirudi, tukae tena."

Nilimtazama yule binti, mtoto pekee wa mama yake, nikajua nikimeza na hili nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Basi nikasema. Nilisema nikiangalia meza. Nilimwambia haikuwa mimi. Nilimwambia nilimsikia akiniita nikampita, kwamba hesabu iliitikiwa na kitu nisichokijua, kwamba nilirudi baadaye kwa pikipiki. Nililia, sifichi. Nikamwambia asiende.

Nilipoinua macho hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Onesmo, nilikuona mgongo. Nilikuangalia mpaka ukapotea, na dawa yangu ikirukaruka kwenye begi." Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Yeye akaja akakaa. Aliniomba kitu kimoja tu, nimwite jina lako, kwa sababu wewe ulikuwa umeliacha pale."

"Milembe, yule si mtu."

"Sijui ni nini. Lakini alikaa."

Akasimama. Mlangoni akageuka. "Nilikuwa nangoja tu kuona kama utasema. Umechelewa, lakini umesema. Asante."

Leo ni siku ya kumi na moja tangu Jumamosi ile. Mwanza hakuna aliyekwenda. Waliomtafuta walikuta nyayo za watu wawili zikishuka mchangani sambamba, za Milembe na nyingine zenye nyota, mpaka katikati ya mto, na pale zikaishia. Polisi wakaomba raba yangu, ikaingia kwenye alama kama imepimwa. Kilichoniokoa ni mwenye nyumba wangu, aliyewaambia nilikuwa nyumbani tangu saa kumi jioni mpaka asubuhi. Ni kweli, nilikuwa nyumbani. Mama Apolonia anapita kwangu kila jioni. Hanilaumu. Ananiuliza tu, "Baba, ulipokaa naye siku ile, hakukuambia lolote?" Bado hajui. Namjibu hakuniambia lolote.

Polisi nimewaeleza mambo yote, hata yale ya kunifanya nionekane kichaa. Kasoro moja.

Jumamosi ile, saa kumi na mbili kasoro robo, nilikuwa nimeshavaa. Raba miguuni, kamba nimezifunga, kibegi mgongoni. Nilikuwa nakwenda, naapa nilikuwa nakwenda kumtoa pale hata kwa kumbeba. Nikiwa nimeshika kitasa cha mlango nikaona kwanza nimpigie, nimwambie anisubiri asishuke mtoni. Simu ikaita mara mbili, ikapokelewa.

"Milembe?"

Nilisikia upepo... nilisikia mtu anakanyaga mchanga, taratibu. Halafu sauti yangu mwenyewe ikanijibu, kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Yuko na mimi, kaka. Wewe pumzika."

Watu wakija kunipa pole nawaambia siku ile niliogopa kwenda mtoni. Ningeogopa, leo ningejisamehe. Lakini kilichonijia kwanza, kabla ya hofu, kabla hata simu haijakatika, kilikuwa ni nafuu, kwamba kuna mwingine ameshakwenda.

Nikakaa kitandani, nikavua raba.