Kasuku wa Kwenye Begi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Penseli alikuwa akichonga penseli zake. Jina lake halisi lilibaki kwenye rejista ya shule. Nyumbani na mtaani kila mtu alimwita Penseli, kwa kuwa hakuonekana bila penseli nyuma ya sikio. Maganda ya penseli yaliangukia sakafuni, pale pale ambapo mama yake, fundi cherehani, alikuwa ametoka kufagia vipande vya vitambaa.

"Wewe mtoto, mara ngapi nikwambie ukachongee nje?"

"Nimeshamaliza, Mama."

Hakuwa amemaliza. Ndiyo tabia yake hiyo: huku anaongeza kidogo, kule anapunguza kidogo. Mbwa wa jirani akibweka mara moja, Penseli anasimulia kwamba alifukuzwa mpaka sokoni na kurudi.

Wiki hiyo familia ilikuwa ikijiandaa kwenda nchi jirani. Dada mkubwa alikuwa anahitimu uuguzi, wa kwanza katika ukoo mzima kuvaa joho. Mama alimshonea gauni la satini la rangi ya buluu, akalipiga pasi, akalikunja na karatasi laini katikati ya kila kunjo, akalilaza juu kabisa ndani ya begi. Mwalimu naye alimpa Penseli ruhusa kwa sharti moja.

"Utaniletea daftari la safari. Kila siku mchoro mmoja na mistari minne. Chora ulichokiona."

Sasa siku ya kwanza mtoto akaona nini? Migongo ya viti. Abiria aliyekoroma tangu stendi. Mayai ya kuchemsha. Pancha moja iliyozibwa haraka. Basi! Penseli alikereka kwelikweli. Yaani mtu asafiri kwenda ng'ambo, halafu akawaonyeshe wenzake picha ya yai?

Akachora pancha, kisha pembeni akamweka chui anayekodoa macho. Akaandika kwamba amekula mayai matano. Alipoona chui hatoshi, akafunua ukurasa mpya, akachora begi la Mama na kichwa cha kasuku kikichungulia. Chini yake akaandika: "Mama ameficha kasuku ndani ya gauni la Dada. Hana kibali. Wakaguzi hawatamwona!" Kwani huko ng'ambo nani atajua? Nani anasoma Kiswahili?

Siku ya pili mchana walifika mpakani. Abiria wote walishuka na mizigo yao.

"Nusu saa tu!" kondakta alitangaza. "Basi halingoji mtu, na jingine ni kesho saa kama hizi!"

Mahafali yenyewe yalikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Baba, fundi saa na mtu wa maneno machache, akatazama saa yake.

Foleni ilisogea mpaka kwa mkaguzi wa forodha, mwanamke mnene aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Penseli akamwamkia.

"Marahaba," alijibu. "Hilo daftari ni la nini?"

Aliuliza kwa Kiswahili, tena Kiswahili safi, japo alitamka neno moja moja kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Penseli angeshtuka hapo hapo. Wapi! Kichwa kilimvimba kwa kupata msomaji, akamkabidhi daftari mwenyewe, kwa mikono miwili.

Mkaguzi akavaa miwani, akafunua. Alipomwona chui alitabasamu. Akafunua tena, na tabasamu likaisha.

"Mama, fungua begi."

"Kuna nini?"

"Kasuku."

"Kasuku gani tena?"

Mkaguzi akamgeuzia daftari. Mama akasoma mara mbili, akashika kiuno.

"Mungu wangu! Huyu mtoto ataniua! Hamna kasuku, afisa. Ametia chumvi tu."

Mkaguzi akachukua kalamu na fomu. "Na chumvi pia," alisema huku akiandika. "Kilo ngapi?"

"Hamna chumvi!"

"Umesema ametia chumvi. Ametia kwenye begi lipi?"

"Kwenye maneno!"

Mkaguzi akavua miwani. "Mama, mimi nimejifunza Kiswahili miaka mitatu. Chumvi inatiwa kwenye chakula. Usinichezee."

Nyuma yao abiria wakaangua kicheko. Baba hakucheka.

"Zimebaki dakika kumi na nane," alisema.

Begi likafunguliwa. Gauni likatolewa, likakung'utwa, likapinduliwa ndani nje, na karatasi laini zikapeperuka mpaka chini ya meza. Kasuku hakuonekana. Ndipo mkaguzi akasema huenda kasuku amefichwa kwenye basi, akamtuma askari akalipekue lote. Kicheko cha abiria kikakatika.

"Jamani, tutafika lini?"

"Mtoto mmoja anatusumbua basi zima!"

Dereva akapiga honi.

"Dakika tisa," alisema Baba.

Mama aliketi juu ya begi tupu, gauni likiwa limesokotana mapajani, machozi yakimlengalenga. "Binti yangu atatutafuta kwenye viti," alisema polepole. "Ataitwa jina lake, atageuka, na hatatuona."

Penseli alizoea kumwona Mama akifoka. Kufoka hakukumtisha. Lakini sauti hii ilimkata maini. Akaisogelea meza.

"Afisa, kasuku hayupo. Hajawahi kuwepo. Nimemzua mimi."

"Kwa nini?"

"Tuliona viti na mayai tu. Nilitaka wenzangu wadhani nimeona makubwa. Na kutia chumvi ni kulikuza jambo kuliko lilivyokuwa. Ni uongo, ila tumeupa jina tamu."

Mkaguzi akarudi kwenye ukurasa wa chui. "Na huyu chui?"

"Uongo."

"Pancha?"

"Kweli."

"Mayai matano?"

Penseli akainamisha kichwa. "Mawili."

Askari akarudi mikono mitupu. Hata unyoya hakuupata. Mkaguzi akamsukumia Penseli kalamu ya wino.

"Kila penye uongo andika: Hili si kweli. Kisha weka jina lako, lile la kwenye pasipoti."

Penseli aliandika mara tatu, na wino haufutiki. Mkaguzi naye akaikata chumvi kwenye fomu yake. Walilirukia basi likiwa limeshaanza kujongea, zipu ya begi nusu wazi.

"Samahanini wote," Penseli alisema.

"Na hiyo samahani isiwe na chumvi!" mzee mmoja akadakia.

Mama aliketi, akaifunga zipu ya begi. Kisha akasema, "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilitaka kuishia pale forodhani, tena na sisi tukiwemo."

Asubuhi yake walifika ukumbini mbio mbio, dakika chache kabla ya saa nne. Muda wa kutafuta pasi haukuwepo. Dada alilivaa gauni vile vile, na joho juu yake. Alipoitwa jina aligeuka, akawaona, akapunga mkono mpaka kofia ikamdondoka. Mama alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Penseli alichora hayo yote. Mama akachungulia begani kwake.

"Umempatia kabisa. Lakini huo mkunjo mkubwa mbele ya gauni, si uufute tu? Watu watasema sijui kupiga pasi. Nani atajua?"

Penseli akaigeuza penseli upande wa kifutio. Akasita.

"Lakini ulikuwepo, Mama."

Mama akautazama ule mkunjo.

"Haya, uache hapo hapo. Mwalimu akiuliza umetoka wapi, msimulie yote. Ukweli hata ukiwa na mikunjo utakufikisha, mwanangu; uongo hata ukiwa mtamu utakushusha njiani, na utawashusha na wenzako." Akamkazia macho. "Ila usimwambie kwamba mimi ndiye niliyetaka ufutwe."

Penseli alikuwa ameshainama, anaandika.

"Unaandika nini tena?"

"Mstari wa nne, Mama."